Sanduku Juu ya Amplifaya

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie machache kabla hamjanisahau, na nimekubali kwa kuwa sina tena spika ya kubeba. Sitawaambia nililipwa kiasi gani wala nilipandishwa cheo lini. La kwanza lilikuwa aibu, la pili halikutokea. Nitawaambia kazi ilivyokuwa, kisha nitawaambia jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Siku mliponikatia keki mlinisifu sana, na sifa zile zilinikaa vibaya kama shati la kuazima.

Nilifika Johannesburg kutoka Tanga nikiwa na begi moja na anwani ya binamu yangu, ambaye nilikuta ameshahama. Nikapanga kitanda Jeppestown. Si chumba, kitanda. Wiki ya pili nikapata kazi ya kubeba spika kwa mzee wa Kisotho tuliyemwita Ntate Sello, yaani Baba Sello, mwenye gari moja bovu, miksa mbili, na masikio ambayo sijayaona tena kwa binadamu mwingine. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye ukumbi mtupu, akanisimamisha katikati, akaniamuru nipige kofi moja. Nikapiga.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia kofi, Ntate."

Akanirudisha garini nikabebe nyaya. Miezi mingi ilipita kabla sijaweza kumjibu kwamba ukuta wa nyuma unarudisha sauti na paa la bati linaimba lenyewe. Siku hiyo ndipo aliponiruhusu kugusa miksa, na hata hapo kitufe kimoja tu.

Alinifundisha kukunja waya kwa kuufuata unavyotaka wenyewe, si ninavyotaka mimi. Alinifundisha kwamba mwanamuziki akisema hajisikii, maana yake anamsikia mwenzake. Hilo lilinifaa sana miaka niliyofunga vyombo kwenye makanisa ya Wakongo katikati ya jiji, ghorofa za juu za majengo ya zamani ambayo lifti zake zilikufa kabla sijazaliwa. Mpiga solo anapandisha, mpiga besi anapandisha, mchungaji naye anataka kusikika hadi kanisa la jirani. Nilikuwa nashuka ngazi Jumapili jioni masikio yakiwa yanavuma, mimi Mwislamu ninayejua mapambio yote ya Lubumbashi kwa moyo.

Na alinifundisha jambo la tatu, ambalo ndilo lililoniponza. "Chombo cha mwanamuziki kikiachwa mezani," alikuwa akisema, "kimeshaibiwa. Anayengojwa ni mwizi tu." Kwa hiyo kila alipopita alikusanya vitu vya watu na kuvipandisha juu ya rafu ya amplifaya, ndani ya kile kizimba cha nyavu za chuma tunachokifunga kwa kufuli. Fundi yeyote wa mji huu mnayemjua ana tabia hiyo. Ukikuta tarumbeta, mkoba wa mwimbaji au chakula cha mchana juu ya amplifaya, ujue fundi amefanya wema. Chakula hata hutoka cha moto.

Sasa niwafikishe kwa Waskoti.

Walikuja kutoka Uskoti mwezi wa Agosti, katikati ya baridi kavu ya huku, vijana wanne, bendi yao ikiwa na fidla, ngoma, kompyuta na zumari ya mfuko. Nasema zumari kwa sababu sina neno bora. Ni mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani, una bomba la kupulizia, bomba la vidole linalotoa wimbo, na mabomba matatu yanayolala begani yakivuma sauti moja mwanzo hadi mwisho. Mpigaji alikuwa msichana mwembamba aitwaye Ailsa. Kompyuta na kinanda vilikuwa kwa Rory, kijana aliyevaa kaptula katika baridi ile, nami nikamhesabu mwendawazimu mpaka nilipomsikia akipiga. Walichukua nyimbo za mababu zao, za harusi na za kuvunia, wakaziweka juu ya mapigo ya disko ya kisasa. Nilitarajia fujo. Kwenye majaribio ya sauti Jumamosi nywele zilinisimama.

Zumari ile haihitaji maiki ili isikike. Ina kelele kuliko tarishi wa msiba. Kazi yako ni kuinua vingine vyote viifikie bila kuumiza masikio ya watu, na maiki unaiweka mbali kidogo, ielekee vidole, usiiweke mdomoni mwa bomba. Lakini ugumu wa kweli ni huu: zumari haina kitufe cha kurekebisha sauti. Inavyopata joto la pumzi na mikono, sauti inapanda yenyewe, na kompyuta haipandi. Kwa hiyo Rory alikuwa na kitufe cha kuipandisha kompyuta kidogokidogo, nami nilikuwa na kipimo mbele yangu, namwambia kwenye kisikizio chake: panda, panda, baki hapo.

Kila bomba lina ulimi wa tete ndani yake, na wa bomba la vidole ndio roho ya kila kitu. Ailsa alinionyesha wake kwa fahari, umefungwa uzi, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Alikuwa nao miaka mitatu. Aliuhifadhi kwenye kisanduku cha mbao chenye sponji la maji ndani, kwa sababu Agosti hapa hata midomo ya watu hupasuka. Nikamwambia mjomba wangu kule Tanga alikuwa mpiga zumari kwenye harusi, na ulimi wa zumari yake alikuwa akiutia shavuni njia nzima, haongei na mtu mpaka afike kwenye shughuli. Akacheka, akasema bibi yake alifanya hivyohivyo.

Onyesho lilikuwa Jumapili saa tisa alasiri, kwenye kiwanda cha zamani Jeppestown kilichogeuzwa ukumbi. Meneja alikuwa Thandeka, mwanamke mwadilifu, mkali, asiyependa kusikia jambo mara mbili. Chumba cha vyombo kililindwa na Papa Mwamba, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye watoto wanne Yeoville. Funguo za kizimba cha amplifaya zilikuwa mbili tu, mmoja kwangu, mmoja kwake.

Asubuhi ile nikapita chumba cha vyombo nikaona kisanduku cha Ailsa kiko mezani, mlango wazi, mafundi wa umeme wanaingia na kutoka. Ntate Sello akaongea kichwani mwangu. Nikakichukua, nikakipeleka kizimbani, nikakiweka juu kabisa ya rafu, nikakifunika blanketi la kufungia spika ili macho yasikione. Nikafunga kufuli. Kisha nikapanda ngazi kuninginiza spika za mbele, na kwa saa nne nzima sikukumbuka kama kulikuwa na kisanduku duniani. Amplifaya zilikuwa zinawaka muda wote, zikitoa joto lao.

Niliposhuka nilikuta kelele. Ailsa alikuwa amekikosa kisanduku, Thandeka amepekua jengo zima, na hatimaye wamefungua kizimba kwa ufunguo wa Papa Mwamba wakakikuta chini ya blanketi. Jambo lilionekana wazi kwa kila mtu, kwa kuwa mimi nilikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi. Mlinzi mwenye ufunguo amekificha, akikusudia kukitoa watu wakiondoka.

Niliingia nikiwa nimeshafungua mdomo niseme. Wallahi nilikuwa nimeufungua. Wakati huohuo Ailsa akainua kifuniko. Sponji lilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Akautoa ule ulimi, akautazama kwenye mwanga, na nikaona ufa kutoka ncha mpaka kwenye uzi. Hakulia. Alikaa chini sakafuni, akaushika mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Huu hautengenezeki."

Mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Papa Mwamba alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. Kiingereza chake kilikuwa cha kazi, cha "sign here" na "no entry", na hasira ilikuwa imekimaliza. Akanigeukia mimi.

"Muzee, weye unajua luga yao. Uwaambie vile ilikuwa."

Watu wote wakanitazama, wakingoja nitafsiri. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema si yeye."

Hiyo ilikuwa kweli tupu, na ndiyo kweli chafu kuliko zote nilizowahi kutamka. Thandeka akatikisa kichwa. "Eish, Bakari, wote husema hivyo." Akamwambia Papa Mwamba akae kwenye kiti cha ofisi yake asitoke. Hakutaka polisi mlangoni watu wakiwa wanaingia, kwa hiyo angewaita onyesho likiisha. Papa Mwamba alikuwa anaishi kwa karatasi ya ukimbizi inayoombwa upya kila baada ya miezi michache. Kesi ya wizi na karatasi ile havikai mfuko mmoja. Nililijua hilo, na yeye alijua kwamba ninalijua.

Mtaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nilijiambia nikisema sasa, Thandeka ataniondoa kwenye miksa, na hakuna mwingine anayeweza kuifuata zumari ile, na watu mia kadhaa wako njiani. Nitasema onyesho likiisha, kabla polisi hawajafika. Uongo mzuri una nusu ya ukweli ndani yake, ndiyo maana unamezeka bila maji. Ukweli kamili ni kwamba niliogopa. Nilikuwa fundi mwenye jina, na nimeua ulimi wa miaka mitatu kwa mazoea.

Ilikuwa imebaki saa moja na robo. Ailsa alikuwa na ndimi mbili za akiba, nazo zilikuwa humohumo kisandukuni. Mmoja ulikuwa umejikunja, haufai. Mwingine haukupasuka, lakini ulikuwa umekauka na kujifunga. Ukiupuliza hautoi hata mluzi.

"Utie shavuni," nilimwambia. "Usipulize. Usiongee. Uache ukae."

Akanitazama kama anayeuliza nina uhakika gani. Sikuwa na uhakika wowote, nilikuwa na mjomba. Akautia mdomoni. Tukalowesha sponji, tukafunga mfuko kwa taulo la maji, nami nikazima kipasha joto cha chumbani, Rory na kaptula yake wakatetemeka kwa haki. Dakika ishirini. Akajaribu, kimya. Dakika arobaini. Ukatoa sauti ya bata mgonjwa. Ailsa akaniomba uzi, akaufungua ule wa zamani, akafunga upya chini kidogo ili midomo ya tete ipate kuachana, akaurudisha shavuni. Muda wote ule, kupitia kioo cha mlango wa ofisi, nilikuwa naona magoti mawili na kofia juu yake.

Zikiwa zimebaki dakika kumi ulimi ukaimba. Lakini sauti yake ilikuwa chini kuliko ule wa kwanza, na kompyuta ya Rory ilipangwa kwa ule wa kwanza. Akaishusha yote kwa haraka, jasho likimtoka katika baridi, akaniambia hajui huu mpya utapanda kwa kasi gani ukipata joto. "Utakuwa unaniambia," alisema.

"Nitakuambia."

Nimefanya maonyesho mengi, lakini lile nalikumbuka kwa tumbo. Wimbo wa kwanza Ailsa alikaa nyuma, akapiga kwa uangalifu kama anayetembea kwenye vigae vya mvua. Kipimo changu kikaanza kupanda. Panda, Rory. Panda tena. Wimbo wa nne ulimi ukashtuka, ukatoa ukelele mmoja, watu wakadhani ni sehemu ya muziki, wakashangilia. Mungu awabariki wasikilizaji wa Joburg. Wimbo wa saba ulikuwa na mahali ambapo kompyuta, fidla na ngoma zote zinanyamaza, zumari inabaki peke yake kwa dakika mbili, halafu kompyuta inarudi kwa kishindo. Ikirudi robo ya sauti pembeni, ukumbi mzima utasaga meno. Ailsa alifumba macho. Mabomba yalivuma. Nilikuwa naangalia kipimo, sipumui, nikimwambia Rory nambari moja, nikaibadilisha, nikaibadilisha tena, na kishindo kiliporudi kilikaa juu ya zumari kama kifuniko juu ya sufuria yake. Watu waliruka. Mama mmoja Mzulu karibu yangu alipiga vigelegele mpaka sindano ya miksa yangu ikaruka.

Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Kwa dakika nzima nilifurahi kabisa, sikumkumbuka mtu yeyote.

Wimbo wa mwisho ulipoisha sikungoja makofi yaishe. Nilivua visikizio nikakimbilia ofisini, na pale mlangoni nikawakuta polisi wawili wameshafika. Thandeka aliwaita mapema, wakati wa nyimbo za mwisho, ili amalize jambo. Mmoja alikuwa ameshika karatasi ya Papa Mwamba anaisoma kwa kuigeuzageuza, mwingine anaandika. Papa Mwamba alikuwa amekaa wima, anatazama mbele.

Kabla sijatamka neno, Ailsa akaingia nyuma yangu, uso mwekundu, nywele zimelowa. Akanikumbatia mbele ya wote. "Mtu huyu," akamwambia Thandeka, "bila huyu leo hakuna onyesho. Ameuokoa ulimi wangu."

Nikamtoa mikono shingoni taratibu.

"Mimi ndiye niliyeukausha," nikasema. "Kisanduku nilikichukua mimi asubuhi. Nilikiweka juu ya amplifaya kisiibwe, nikakifunika blanketi. Huyu mzee hakukigusa."

Polisi aliyekuwa akiandika akainua kalamu. Thandeka aliniambia nirudie, yeye asiyependa kusikia jambo mara mbili. Nikarudia. Akauliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu walipofungua kisanduku. Ailsa alirudi nyuma hatua moja, akanitazama, halafu akamtazama Papa Mwamba, na mkono wake ukaenda mdomoni. Hakuniambia neno lolote, siku ile wala baadaye. Polisi wakafunga daftari. Yule mwenye karatasi akaiweka mezani, si mkononi mwa mwenyewe.

Thandeka hakuniita tena katika ukumbi ule, na alikuwa na haki. Alimwomba Papa Mwamba radhi mara moja, kwa sauti ya chini, akamwambia aje kazini kesho kama kawaida. Papa Mwamba alisema asante, Madame. Akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaweka ufunguo wa kizimba mezani pale karatasi ilipokuwa, akatoka.

Nilimfuata mpaka barabarani. Watu walikuwa wanatoka ukumbini wakiimba ule wimbo wa saba bila maneno. Nilimkuta kwenye robot, taa za kuongozea magari, akingoja iwake kijani, kofia kichwani.

"Papa Mwamba, nisamehe. Nilikukosea sana. Nilitaka kusema, nikaogopa."

"Najua, muzee."

"Umejuaje?"

"Nilikuona asubui. Nilikuwa pale mulango ya choo. Ulibeba ile kisanduku na mikono mbili, polepole, sawa mutu mwenye kubeba mutoto. Nikasema, uyu muzee iko na moyo muzuri."

Nilishindwa kumwangalia. "Sasa kwa nini hukuwaambia? Ulijua kumbe!"

"Nani angeniamini, mi mulinzi, juu ya fundi?" Hakuwa na hasira hata chembe, na ningependa angekuwa nayo. "Nikasema, acha aseme yeye mwenyewe. Akisema yeye, njo itakuwa na nguvu. Nikakaa kule ndani, ukuta iko nyembamba, nasikia yote. Wimbo inaisha, nasema sasa atakuja. Ingine inaanza. Nasema basi, iyi ikiisha atakuja."

Taa ikawaka kijani. Alivuka hatua mbili, akasimama katikati ya barabara, akageuka.

"Walipiga kumi na moja, muzee," alisema. "Nilihesabu."